Maisha ya Bwana Kelvin, Mpimaji wa Nyaya za Baharini

Mwanachuo atakayepangiwa kufundisha Sayansi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi hana budi kukutana na somo la vipitishi na vihami. Aghalabu somo hili hufundishwa kwa namna moja tu. Mwalimu huchora safu mbili ubaoni. Upande mmoja huandika shaba, chuma na maji ya chumvi, upande wa pili huandika mpira, kioo na mti mkavu. Wanafunzi hunakili, kengele hulia, na somo likawa limekwisha. Linalokosekana ni swali ambalo fundi wa umeme hujiuliza kila siku ya kazi yake: kihami hiki kionekanacho kizima kwa macho, je, ni kizima kweli? Na kama kina ufa, tutaujuaje?

Kwa mwalimu wa Mkoa wa Singida swali hili halipo mbali. Mkoa huu umepitiwa na njia kuu ya umeme ya msongo wa kilovolti 400, itokayo Iringa na kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, mwendo wa kilomita 670. Katika kila mnara nyaya zimening'inizwa kwa vihami, na kazi ya vihami hivyo ni kuuzuia umeme usiteremke ardhini. Upepo wa Singida, kama ajuavyo kila aliyewahi kufua nguo huko, haukosi vumbi. Vumbi likitanda juu ya kihami, kisha likapata umande au mvua ya kwanza, mkondo mdogo sana hutambaa juu yake na kutoa vicheche. Mkondo huo ni mdogo mno ukilinganishwa na ule mkubwa unaopita wayani, hata kuutambua ni kama kuisikia sauti ya mbu katikati ya ngoma. Naam, asiyeutambua mapema huutambua siku kihami kinapopasuka.

Kazi ya kutafuta dalili ndogo ya kasoro katikati ya makelele haikuanzia juu ya minara. Ilianzia chini ya bahari, na mmoja wa watu walioifanya kuwa elimu yenye vipimo alikuwa mwalimu. Huyo ndiye William Thomson, ambaye dunia ilimjua baadaye kwa jina la Bwana Kelvin.

Thomson alizaliwa tarehe 26 Juni 1824 katika mji wa Belfast, Ayalandi. Baba yake, James Thomson, alikuwa mwalimu wa hesabu. Mama yake alifariki mwaka 1830, William akiwa na umri wa miaka sita, na tangu hapo baba aliwafundisha watoto wake mwenyewe nyumbani. Baada ya miaka michache baba alipewa kazi ya uprofesa wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, na jamaa nzima ikahamia huko. Mwaka 1834 William, mtoto wa miaka kumi, aliandikishwa kuhudhuria madarasa ya chuo hicho. Jambo hilo halikuwa la ajabu sana kwa Uskoti ya wakati ule, lakini hata hivyo wengi wa wenziwe walikuwa wakubwa kwake.

Mwaka 1841 alikwenda Cambridge, akamaliza masomo mwaka 1845 akiwa wa pili katika mtihani mkuu wa hesabu. Kisha alikwenda Paris, akafanya kazi katika maabara ya Regnault, mtu aliyesifika kwa kupima joto na mvuke kwa uangalifu usio na mfano. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba miezi hiyo ya Paris ilimfaa kuliko daraja aliyoipata Cambridge, maana huko ndiko mwanahesabu huyu alikojifunza kushika chombo kwa mikono yake.

Mwaka 1846, akiwa na umri wa miaka 22, Thomson alifanywa profesa wa elimu ya maumbile katika chuo cha Glasgow. Aliishika kazi hiyo kwa muda wa miaka 53, hakuhama.

Kama mwalimu alikuwa na sura mbili. Darasani wanafunzi walimpenda kwa moto wake, lakini wengi hawakuweza kumfuata. Alianza jambo moja, katikati akaona jambo jingine zuri zaidi, akaliandama hilo, na saa ikaisha kabla hajarudi alikoanzia. Mwanachuo asimwige katika hili. Jambo ambalo lingefaa kuigwa ni lile alilolifanya chini ya jengo. Alipewa pishi kuukuu lililokuwa likitumika kuhifadhia mvinyo, akaligeuza kuwa maabara, akawakaribisha wanafunzi waliotaka kuja kupima pamoja naye. Wakati huo vyuo vya Uingereza havikuwa na desturi ya kuwapa wanafunzi vyombo vya fizikia wavitumie wenyewe. Profesa alionyesha, wao wakatazama. Katika pishi lile wanafunzi walipima nyaya za shaba, wakasaidia kugundua jambo ambalo wenye viwanda hawakulijua: kwamba shaba ya kiwanda kimoja na ya kingine, ingawa zafanana kwa macho, hutofautiana sana katika kupitisha umeme, na sababu ni uchafu uliochanganyika nayo. Tangu hapo Thomson alishikilia kwamba kila kipande cha waya wa baharini kipimwe kabla ya kutumika.

Waya huo wa baharini ulikuwa nini? Ulikuwa waya wa telegrafu, ile ambayo wazee wetu waliiita simu, uliokusudiwa kulazwa chini ya Bahari ya Atlantiki kutoka Ayalandi hadi Newfoundland huko Amerika ya Kaskazini, mwendo wa zaidi ya kilomita 3,000. Kati yake palikuwa na shaba. Shaba ilifunikwa kwa utomvu mgumu wa miti ya nchi za Malaya, uitwao gatapecha, ambao hulainika katika maji ya moto na kuwa mgumu tena upoapo. Nje yake palisukwa nyaya za chuma za kuulinda. Maji ya bahari yana chumvi, nayo hupitisha umeme. Kwa hiyo usalama wa habari zote ulitegemea gatapecha. Tundu moja dogo kuliko punje ya ulezi lilitosha kuuachia umeme ukatorokea baharini.

Mwaka 1854 Thomson alikuwa amekwisha kuonyesha kwa hesabu kwamba katika waya mrefu wa namna hiyo alama huchelewa na kufifia, na kwamba ucheleweshaji huongezeka kwa kipeo cha pili cha urefu: waya ukiwa mara mbili, ucheleweshaji huwa mara nne. Fundi mkuu wa umeme wa kampuni ya Atlantiki, Wildman Whitehouse, ambaye kabla ya hapo alikuwa daktari wa upasuaji, hakuikubali hesabu hiyo. Yeye aliamini kwamba dawa ya alama dhaifu ni nguvu.

Waya wa kwanza ulitengenezwa kwa haraka. Sehemu zake ziliachwa juani, gatapecha ikalainika, na shaba ikasogea kutoka katikati hata ikakaribia ukingo. Jaribio la mwaka 1857 lilishindwa kwa waya kukatika. Mwaka 1858 meli mbili zilijaribu tena, Thomson akiwa ndani ya mojawapo, Agamemnon, na baada ya dhoruba na kukatika mara kadhaa, tarehe 5 Agosti waya ukafika pwani zote mbili.

Hapa ndipo kilipoanza kisa chenyewe. Alama zilizofika kutoka ng'ambo zilikuwa dhaifu mno, vyombo vizito vya Whitehouse havikuweza kuzisoma. Zilisomwa kwa chombo kidogo alichokibuni Thomson, kiitwacho galvanomita ya kioo. Whitehouse naye aliusukuma waya kwa koili kubwa zenye urefu wa zaidi ya mita moja na nusu, zenye kutoa msongo wa volti zipatazo 2,000. Salamu za Malkia wa Uingereza kwa Rais wa Marekani, maneno 98 tu, zilichukua saa 16 kupita. Kila mshindo wa umeme mkali ulipoingia wayani, ulisukuma pale palipokuwa na ufa na kuuongeza. Mwezi wa Agosti haujaisha, kampuni ilimwachisha Whitehouse kazi, na Thomson akajaribu kuunusuru waya kwa betri ndogo. Alikuwa amechelewa. Mwezi wa Oktoba waya ulinyamaza kabisa, na mali ya watu wengi ikazama pamoja nao. Haki inataka tuseme kwamba waya ule ulikuwa na kasoro kabla Whitehouse hajaugusa; uchunguzi uliotolewa taarifa yake mwaka 1861 ulionyesha makosa tangu kiwandani. Lakini mgonjwa hatibiwi kwa kupigwa.

Chombo cha Thomson kinastahili kuelezwa polepole, kwa kuwa hata mtoto wa darasa la tano anaweza kukielewa. Kila mtoto amewahi kushika kipande cha kioo juani na kuupiga mwanga ukutani. Akikigeuza kioo kidogo tu, mwanga ukutani hukimbia mbali. Kioo kikigeuka digrii 1, mwali hugeuka digrii 2, na ukuta ukiwa umbali wa mita 3, doa la mwanga litasogea kiasi cha sentimita 10. Thomson alikitundika kioo chepesi kwa uzi wa hariri, nyuma yake akabandika vipande vidogo vya sumaku, akavizungushia koili ya waya mwembamba. Mkondo ulipopita katika koili, sumaku ziligeuka kidogo mno, lakini mwanga wa taa uliokuwa ukirudishwa na kioo ulitembea juu ya rula. Mshale wake ulikuwa ni mwali wa mwanga, nao hauna uzito wowote.

Hata hivyo wepesi huo ulileta taabu yake. Chombo chepesi husikia kila kitu. Juu ya meli, sumaku ndogo ile ilivutwa na sumaku ya dunia kila meli ilipogeuka. Ilivutwa na chuma cha meli yenyewe. Ilitikiswa na mawimbi. Ndani ya waya nako mlikuwa na mikondo itokayo katika ardhi, isiyotumwa na mtu, yenye kuja na kwenda ipendavyo. Haya yote wataalamu huyaita makelele, hata kama hayana sauti: ni kila kitu kinachokitikisa chombo na ambacho sicho kile tunachokitafuta. Thomson hakukifanya chombo kizito ili kisitikisike, maana hapo kingekuwa kiziwi pia kwa alama. Katika galvanomita ya melini aliukaza uzi juu na chini, ukapita katikati ya uzito wa kioo, ili mrusho wa meli usikigeuze. Kisha alikizungushia kasha nene la chuma, ili nguvu za sumaku za nje zipitie katika chuma na kukiacha kilichomo ndani. Kwa mikondo ya ardhini wapimaji wa nyaya walikuwa na hila nyepesi: walipima kwa ncha moja ya betri, kisha wakabadili ncha na kupima tena. Mkondo wa kuvuja hugeuka pamoja na betri. Mkondo wa ardhi haujui kwamba betri imegeuzwa. Kutokana na tofauti ya vipimo viwili, kasoro hujitenga na makelele.

Mwanachuo anaweza kuionyesha hila hii darasani kwa betri tatu ndogo za tochi, dira, chombo cha plastiki na waya wa kawaida wenye ganda la plastiki. Walio karibu na mji wa Singida wachote maji ya Ziwa Singidani au Kindai, ambayo yana chumvi tayari. Walio mbali, mathalani huko Kinampanda, watie vijiko kadhaa vya chumvi katika maji ya kawaida. Izungushie dira mizunguko 50 ya waya mwembamba wenye ganda, mizunguko ielekee kaskazini na kusini sawa na sindano. Unga ncha moja ya betri na koili, na koili na waya mzima uliozamishwa majini, mwisho wake ukiwa umetokeza nje. Kutoka ncha ya pili ya betri ingiza majini waya uliovuliwa ganda. Sindano itatulia. Sasa kwangua ganda kwa wembe mahali padogo panapozama, hata shaba ionekane, urudishe majini, sindano itasogea. Kisha mwambie mwanafunzi mmoja apite karibu na meza akiwa na jembe. Sindano itasogea tena! Waulize wanafunzi ni mara ipi kati ya hizo mbili iliyotokana na ufa. Waache wabishane kabla ya kuwapa ruhusa ya kugeuza betri. Wasiokuwa na dira watumie sindano ya kushonea iliyosuguliwa kwa sumaku na kutundikwa kwa uzi, na hapo watakuwa wamemkaribia Thomson zaidi. Umeme wa nyumbani usitumike kamwe katika jaribio hili.

Turudi kwenye safari yetu. Mwaka 1865 waya mpya ulipakiwa wote katika meli moja kubwa kupita zote za wakati huo, Great Eastern. Shaba yake ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya 1858 kwa uzito, na gatapecha iliongezwa vilevile. Thomson alikuwamo. Chumbani mwenye giza, mtu alikaa akilitazama doa la mwanga huku waya ukiteremka baharini. Doa likikaa mahali pake, gatapecha ni nzima. Likikimbia, kuna kasoro, meli isimame. Lilikimbia zaidi ya mara moja, na waya ulipovutwa nyuma palionekana kipande cha chuma kimetoboa gatapecha hadi kwenye shaba. Tarehe 2 Agosti kasoro nyingine ilionekana, na waya ulipokuwa ukivutwa ili itafutwe, ulikatika na kuzama mahali penye kina cha zaidi ya kilomita tatu na nusu.

Funzo moja la safari hiyo lilihusu saa. Upimaji wa ufa ulikuwa ukipishana na utumaji wa habari. Wakati habari zikitumwa, ufa haukupimwa, na kasoro iliweza kuteremka baharini kabla ya kugunduliwa. Mwaka uliofuata ulitumika utaratibu wa Willoughby Smith, ulioruhusu upimaji uendelee bila kukoma hata habari zikiwa zinapita. Tarehe 27 Julai 1866 waya ulifika Newfoundland ukiwa mzima. Mwezi wa Septemba ule wa 1865 nao ulikuwa umeokotwa kutoka chini ya bahari na kukamilishwa. Ndipo fundi mmoja, Latimer Clark, alipoziunganisha nyaya zote mbili kuwa duara moja, akatia tindikali na kipande cha zinki katika kastabini ya fedha, kile kikofia cha kidole ambacho washonaji hutumia. Betri hiyo ya kastabini ilituma alama iliyovuka Atlantiki kwenda na kurudi, ikasomeka. Weka kastabini hiyo kando ya koili za volti 2,000, na hakuna haja ya mwalimu kuongeza neno.

Thomson alipewa cheo na Malkia mwaka huohuo. Mwaka uliofuata alibuni chombo kingine, kijiti chembamba cha kioo chenye uwazi ndani, kilichotema wino juu ya utepe wa karatasi, ili alama zijiandike zenyewe. Vyombo vyake vya kioo na vya wino vikawa ndivyo vya kawaida katika nyaya ndefu za baharini duniani. Mwambao wetu uliingia katika mtandao huo mwaka 1879, waya ulipolazwa kutoka Aden hadi Unguja, na kuendelea hadi Msumbiji na Durban. Habari iliyokuwa ikisafiri na meli kwa majuma sasa ilifika London kwa siku hiyohiyo.

Mambo mengine ya maisha yake tuyapitie kwa ufupi. Kipimo cha joto kinachoanzia baridi ya mwisho kabisa, alichokipendekeza mwaka 1848, kina jina lake hata leo. Alivunjika mguu akicheza juu ya barafu, akachechemea maisha yake yote. Alioa mara mbili, hakujaliwa mtoto. Mwaka 1881 aliitia nyumba yake ya Glasgow taa za umeme, wakati nyumba za namna hiyo zilikuwa za kuhesabika. Mwaka 1892 alipewa ubwana, akachagua jina la Kelvin, ambao ni mto upitao karibu na chuo chake. Wala hakukosa makosa. Alipokadiria umri wa dunia kwa kuhesabu jinsi inavyopoa, alipata miaka michache mno, akawapinga wataalamu wa miamba kwa ukaidi mpaka uzee wake. Leo twajua kwamba umri huo ni kiasi cha miaka bilioni 4.5.

Mwaka 1899 alijiuzulu uprofesa. Chuo cha Glasgow kilipofungua daftari la kuandikisha wanafunzi, mzee huyo wa miaka 75 alijiandikisha humo kuwa mwanafunzi wa utafiti, katika chuo kilekile alichokiingia akiwa mtoto wa miaka kumi. Alifariki nyumbani kwake karibu na Largs, Uskoti, tarehe 17 Desemba 1907, akazikwa London katika kanisa la Westminster Abbey, karibu na kaburi la Isaac Newton.